Zamu ya Nanga Kusini ya Naxos

Nyinyi vijana mnanichosha. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Kila harusi, kila hitima, kila Ijumaa baada ya chakula hapa kwetu Omani, Al Qabil, lazima mmoja wenu ajisogeze ubavuni pangu na simu mkononi aniulize, "Babu, ati ulifanya kazi Ugiriki miaka ishirini na zaidi? Picha ziko wapi?" Hakuna picha. Mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine. Nikisema hivyo mnatizamana na kucheka chini chini, mnadhani mzee anaficha mambo yake ya ujanani. Juzi mmoja wenu, simtaji lakini mwenyewe anajijua, akanambia, "Babu, wewe ulikuwa mtalii unayelipwa." Nikaona basi, bora niyaandike haya mara moja, myasome, kisha mniache ninywe chai yangu.

Nilikuwa baharia wa meli ya matanga. Si vyombo vya mbao vya Sur mnavyoviona kwenye makalenda. Hii ilikuwa meli ya chuma iliyojengwa Ulaya, milingoti mitatu, matanga ishirini na mawili, na tajiri mmoja wa Maskati aliinunua akaiweka kwenye bahari ya Wagiriki kuchukua wageni. Kila kiangazi tulizunguka visiwa vile vile: Siros, Paros, Naxos, Milos, halafu tena. Wageni walilipa ili wavute kamba. Naam, walilipa. Mimi nililipwa kuwazuia wasivute ile isiyotakiwa kuvutwa, na kazi hiyo, nakwambieni, ilinitia mvi kabla ya wakati.

Tajiri yule alikuwa na sharti moja. Nusu ya mabaharia wawe watu wa kwetu, na mtu yeyote anayepanda melini, awe mgeni, awe ofisa, awe fundi wa bomba, apokewe kwa kahawa na halua kama anavyopokewa mgeni kwenye majlisi, baraza ya wageni, ya kwetu Ibra. Alisema hiyo ndiyo itakayoifanya meli yake iwe tofauti na nyingine. Iliifanya kweli, mtaona.

Sisi wenye asili ya Unguja tulikuwa watatu au wanne, na tukitaka kumsema nahodha tulimsema kwa Kiswahili mbele yake. Nahodha alikuwa Mholanzi, mrefu, mkavu, anasema maneno kumi kwa siku na tisa kati yao ni amri. Mkubwa wetu sisi mabaharia, yaani serahangi, alikuwa Ami Hilali wa Sur, mzaliwa wa Malindi pale Unguja mjini. Maofisa wana karatasi zao na kofia zao, lakini meli ya matanga inakwenda kwa serahangi. Yeye ndiye anayejua kila kamba imefungwa wapi, ina umri gani, na nani ameifunga vibaya.

Siku yangu ya kwanza kupanda juu ya mlingoti nilipanda na ndara. Msinicheke. Hakuna aliyenambia, na mimi sikuuliza, maana nilijitia najua. Kuna miti mikubwa inayopingamana na mlingoti, inaitwa foromali, ndiyo matanga yanaponing'inia. Unalala juu yake kwa tumbo, miguu yako inakanyaga kamba moja tu iliyopita chini, na baina yako na sitaha pana urefu wa mnazi mmoja na nusu. Ndara ya kushoto ikanitoka. Chini palikuwa na bibi mmoja wa Kijerumani anakula saladi. Sitaendelea.

Nahodha hakupiga kelele. Mwisho wa msimu tu, nilipompelekea karatasi yangu ya kuomba cheti cha userahangi, aliirudisha bila saini. Ilikuwa inataka msimu mzima bila kosa. Aliandika neno moja chini yake: ndara.

Ami Hilali naye alinikalisha akanifunza upya kama mtoto wa chuo cha Kurani. Panda miguu mitupu. Shika kamba zilizosimama, usishike zilizolala, maana zilizolala ndizo zinazokanyagwa na ndizo zinazokatika. Kamba usiitazame tu, ipapase; jicho linadanganywa na rangi, kiganja hakidanganyiki. Ukifunga fundo, fikiria atakayelifungua ni mtu mwingine, mikono yake imeroa na ana haraka. Hayo nimewafundisha watu wasiopungua mia, na nusu yao waliyasahau kabla ya chakula cha mchana.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Msimu uliofuata nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Mke wangu alikuwa hapa hapa Al Qabil kwa baba yake, mja mzito wa mtoto wetu wa pili. Mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakupata kufurahi binti yake kuolewa na mtu anayekaa miezi saba baharini anavuta kamba. Kabla sijasafiri aliniita akanambia, "Nassor, safari hii urudi na kazi yenye jina, au urudi ukae hapa kwenye mitende yangu, na ukikaa hapa ni mimi nitakayekupangia." Hakutania. Basi cheti kile hakikuwa karatasi tu. Kilikuwa nyumba yangu, mke wangu, na uso wangu mbele ya watu. Nikaenda msimu mzima nimejikaza, sipandi na ndara, sichelewi zamu, sijibizani na mtu.

Wageni wengi walidhani hatari ya bahari ile ni mawimbi. Hatari yake ni upepo wa kiangazi, wenyewe wanauita meltemi. Unatoka kaskazini, na mbingu safi kabisa, hakuna hata wingu la kukupa habari. Mtu mgeni anajificha kusini ya kisiwa, nyuma ya mlima, akidhani amepata kinga. Kumbe upepo unapanda mlima upande wa pili na kuporomoka upande wako kwa kishindo, dakika moja kimya, dakika ya pili unashika kofia. Ami Hilali akisema, "Mlima mtupu usiulalie."

Na meli ikiwa nangani haitulii, inazunguka na upepo. Jambo hilo lilitutesa kwenye sala. Tunaanza rakaa ya kwanza tumeelekea kibla barabara, tunaposhusha salamu tumeelekea mkahawa wa mtu. Mabaharia wakawa wanabishana, sala ni sahihi si sahihi, kila siku maneno yale yale, mpaka Ami Hilali akachoka akasema, "Mwenyezi Mungu anajua nini maana ya nanga. Nyamazeni msali." Lakini akatufunza kitu. Mkilala nangani, chagua vitu viwili nchi kavu, kimoja nyuma ya mwenzake, kwa mfano kinu cha upepo na mnara wa kengele. Maadamu vimepangana, mko pale pale. Kimoja kikianza kumkimbia mwenzake, nanga inaburura. Zamu ya nanga ni kuvitazama viwili hivyo, hakuna jingine. Unatazama, unatazama, unachoka, unaendelea kutazama.

Basi tulikuwa tumetia nanga kwenye kisiwa kidogo kusini ya Naxos. Baada ya sala ya alasiri nahodha alishuka na wageni wote kwenda kutazama nyumba ya watawa juu ya mlima. Ami Hilali alikuwa chini anashona tanga lililochanika. Kabla hajateremka aliniita. "Nassor, zamu ya nanga yako. Na akija mtu yeyote, kahawa nayo juu yako, mpishi ana homa." Nikasema hewala. Alama zangu zilikuwa kinu na mnara, vimesimama kimoja nyuma ya mwenziwe kama watu waliopanga foleni ya mkate.

Haikupita nusu saa, mashua ikaja na ofisa wa bandari. Mtu mfupi, kofia nyeupe, jasho jingi. Akapanda ngazi haraka, akauliza, "Nahodha?" Nikamwambia nahodha yuko nchi kavu, karibu, kaa kitako. Akasema, "Ahsante, lakini mimi..." Nikamtilia kahawa.

Sasa nyinyi, hata nyinyi mnaosema Kiswahili cha kuokota okota, adabu hii mnaijua. Mgeni haulizwi shida yake mpaka amekunywa, na mgeni mwenye heshima haisemi. Mtiaji anasimama, birika mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Mgeni akimaliza unamtilia tena, na tena, mpaka mwenyewe aitikise finjani kwamba imetosha. Na kubwa kuliko yote, mtiaji hampi mgeni mgongo. Nilimkalisha kwenye benchi la upande wa kulia, nikasimama mbele yake. Kinu na mnara vilikuwa nyuma yangu.

Yule bwana hakutikisa. Angejuaje, maskini? Kwao kahawa ni moja, inanywewa saa nzima. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa, na akaona huyu Mwarabu amesimama wima mbele yake anamtilia, akikataa atamvunjia heshima. Akanywa. Nikatia. Akanywa. Nikatia. Nikampa na halua, akala, mkono ukanata, akawa hajui aufutie wapi. Kwenye ya sita alifungua mdomo kusema, nikampa ya saba. Kwenye ya nane akanyoosha kidole mlimani akasema maneno kwa Kigiriki, na mimi nikadhani anausifu mlima wao. Nikamwambia, "Naam, mzuri sana." Kwenye ya kumi alinyanyuka, nikamtilia amesimama. Nilikuwa naona fahari, wallahi. Nilijisemea moyoni, tajiri angeniona leo.

Ami Hilali alitokea chini na sindano ya kushonea matanga mkononi. Alikwenda moja kwa moja mbele, kwenye omo, akaweka mguu wake mtupu juu ya mnyororo wa nanga, akatulia kidogo. Mnyororo wa nanga iliyoshika umekaza kimya. Wa nanga inayoburura unatetemeka na kuguna, na unausikia kwa nyayo kabla hujausikia kwa sikio. Ndipo aliponiita.

"Nassor. Kinu kiko wapi?"

Nikageuka. Kinu kilikuwa huku, mnara kule, na kati yao pana kijiji kizima. Nyuma ya tezi, mwisho wa meli, ukuta wa mawe wa bandari ulikuwa karibu hata naona nyavu zilizoanikwa juu yake. Upepo nao ndio kwanza umeanza kuporomoka.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Fundi akawasha mashine. Tukajaribu kuivuta nanga, mnyororo umepita chini ya meli umekwama, hauji. Kila tukingoja ukuta unakaribia. Ami Hilali akachukua nyundo, akagonga pini inayoushika mnyororo, na mnyororo wote ukatoka mbio ukatumbukia pamoja na nanga yake. Boya la kuonyesha ilipozama halikuwepo. Kulifunga boya ni kazi ya mwenye zamu, na mwenye zamu alikuwa anatia kahawa. Meli ikasonga, ikapita ule ukuta kwa upana wa chumba, tukatoka nje baharini salama, na ofisa wa bandari bado yumo, finjani mkononi.

Ndipo maskini alipopata nafasi ya kusema. "Nilikuja kukwambieni mhame," alisema. "Chini pale pana majani ya baharini, nanga haishiki. Na upepo unakuja." Kisha akauliza choo kiko wapi.

Nahodha alirudi jioni kwa mashua ya wavuvi, wageni wake wameroa chepechepe. Alitazama mahali pa nanga, patupu. Akatupanga wote. "Zamu ya nanga ilikuwa ya nani?"

Ami Hilali akasema, "Yangu."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Kisha nikamwona mkwe wangu amekaa kwenye mitende yake ananingoja, nikaufunga. Ikapita hivyo. Sekunde tatu labda, na miaka thelathini sasa bado ninazo.

Walimfukuza Ami Hilali kazi, wakamshusha Pireo, bandari ya Athens. Alikuwa na begi moja na msala wake wa kusalia. Nikamsindikiza mpaka ngazini, nimeinamisha kichwa, nangoja aniseme, na ningefurahi lau angenisema. Akanambia, "Kamba ya tanga la mbele, upande wa kushoto, imechakaa kwa ndani. Ibadilishe kabla hamjafika Milos." Akashuka. Niliibadilisha, na kweli ilikuwa imechakaa kwa ndani.

Mwisho wa msimu nahodha akatia saini, tena mbio mbio, maana hakuwa na serahangi. Nikarudi Al Qabil na kazi yenye jina. Mkwe wangu akachinja mbuzi wawili. Niliwala, lakini sikusikia ladha.

Nikawa serahangi, nikalala kwenye chumba cha Ami Hilali, nikapiga kelele miaka yote iliyobaki. Mambo yalibadilika mikononi mwangu. Siku hizi simu ndiyo inayolia nanga ikisogea, na baharia kijana analala chali na kuiachia simu kazi yake. Nilimkuta mmoja, simu inalia, naye ameizima kwa kuwa inamkatiza muziki. Kamba za siku hizi nazo ni za plastiki, nyepesi, haziozi, lakini hazikupi habari. Ya zamani ilikuwa ikitaka kukatika inakwambia, hii inakatika tu. Wageni wakawa hawaulizi tena upepo unatoka wapi, wanauliza mtandao. Nilikuwa na hasira kila siku ya Mungu, na wenzangu wakasema Serahangi Nassor ndivyo alivyoumbwa. Hawakujua hasira yenyewe ilikuwa ya nani.

Kila mwaka nikirudi nilisema mwaka huu nitakwenda Sur kwa Ami Hilali. Kila mwaka pana harusi, pana mavuno, pana gari bovu. Mtu asiyetaka kwenda hakosi sababu. Nilistaafu, ikapita miaka minane, na kutoka Al Qabil mpaka Sur ni mwendo wa saa mbili tu kwa barabara ya lami. Majira ya baridi yaliyopita mke wangu akanambia, "Nenda, au uache kuguna kwenye usingizi, sisi wengine tunalala." Nikaenda.

Nilimkuta barazani kwake, umri themanini na nane, macho mazima, miguu haimchukui. Nikamwamkia, "Shikamoo, Ami." Akaitika, akanitazama, akanijua pale pale. Nikapiga magoti, mtu mzima mimi, nikamwambia yote. Kwamba nilifungua mdomo nikaufunga, kwamba alifukuzwa kwa kosa langu, kwamba nimekuja kutaka radhi.

Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtu anayepoteza wakati wa watu.

"Nassor, nyanyuka, unaniudhi," alisema. "Nani alikupa zamu ya nanga?"

"Wewe, Ami."

"Nani alikupa birika?"

"Wewe."

"Basi. Mtu mmoja hana migongo miwili. Anayemkirimu mgeni hawezi kuilinda nanga, na mimi nilijua, nikakupa vyote viwili kwa kuwa nilitaka kumaliza tanga langu. Nahodha aliuliza zamu ya nani, nikamjibu kweli. Mimi sikukubebea wewe kitu. Ulikaa miaka yote hii unadhani nimekufanyia hisani?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusamehewa, au kutukanwa, yote mawili nilikuwa nayo tayari. Hili sikuwa nalo.

"Sasa mimi nikuulize," akasema. "Umekaa kwenye kile chumba miaka ishirini na mbili. Watu chini yako walikosea, maana watu hukosea. Mara ngapi ulisema, 'Zamu ilikuwa yangu'?"

Vijana, nilihesabu. Nilikaa pale mbele yake nikahesabu kweli kweli, na jibu lilikuwa hata mara moja. Na katika kuhesabu nikamfikia mtu mmoja nikasimama.

Hamed wa Al Kamil. Baharia mzuri, mtulivu, mtu wa mke na watoto. Ilikuwa Milos, mchana, miaka saba kabla sijastaafu. Alikuwa juu ya foromali anafunga tanga, amefunga nusu, nami nikampigia kelele ateremke awasaidie wageni kupanda mashua, kwamba zile kamba atazimalizia baadaye. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli. Akateremka. Upepo ukaporomoka kutoka mlimani, ukalikamata lile tanga lililofungwa nusu, ukalipasua kutoka juu mpaka chini. Nahodha, mwingine huyo, akauliza nani alikuwa analifunga. Hamed akasema, "Mimi, lakini serahangi ndiye aliyeniita." Nahodha akanitazama. Nikasema, "Sikumwita." Neno moja tu hilo. Hamed akapelekwa kwao wiki ile ile, na barua inayosema ni mzembe na mwongo.

Nilimwambia Ami Hilali habari hiyo. Hakunihutubia. Aliniuliza tu, "Al Kamil si iko njiani?"

Iko njiani. Huwezi kurudi Al Qabil kutoka Sur bila kupita Al Kamil, na mimi nimepita pale mara ngapi sijui, madirisha nimefunga. Safari hii nikauliza dukani, nikaelekezwa nyumba. Hamed mwenyewe alinifungulia mlango. Amenenepa, ndevu nyeupe kidogo. Hakushangaa na hakufurahi. Akasema, "Karibu, serahangi," akaniingiza majlisi, na pale ndani alikuwa amekaa baba yake, mzee sana, amejifunika shali, fimbo miguuni.

Nikamwambia Hamed, kwa sauti ndogo, kwamba nimekuja kusema kweli. Kwamba siku ile ya tanga ni mimi niliyemwita ateremke, na nahodha aliponiuliza nilisema uongo.

Hamed akanionyesha baba yake kwa kidevu. Kisha akasema, "Mwambie baba. Na useme kwa nguvu, hasikii vizuri."

Nikasogea. Nikasema. Mzee akaweka mkono sikioni. "Eh?" Nikasema tena. "Sikusikii, mwanangu, paza." Basi nikapaza, sauti yangu ile ile ya kuita watu juu ya milingoti, nikapiga kelele ndani ya nyumba ya watu, wanawake wanasikia nyuma ya ukuta na watoto wamesimama mlangoni, "Hamed hakukosa! Mimi ndiye niliyemwita! Nilisema uongo!"

Mzee akaushusha mkono polepole. Akafikiri.

"Hamed aliniambia hivyo hivyo siku aliyorudi," alisema. "Nikamwambia asimsingizie mtu. Nikamwambia serahangi ni mtu wa kwetu, mtu wa Al Qabil, hawezi kusema uongo. Tangu siku hiyo hakuitaja tena habari ile mbele yangu."

Akaanza kujiinua. Alishika fimbo, akashika ukuta, Hamed akasema, "Kaa, baba, kaa," lakini mzee hakukaa. Alijikongoja hatua nne mpaka aliposimama mwanawe, akamshika mkono, akauinamia. Akamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Hakuna hata mmoja wao aliyenitazama.